Raundi Arobaini na Nane

Pale karakanani kwa Mjomba kulikuwa na sheria moja tu, na haikuandikwa popote: mtu akiwa anahesabu, haongeleshwi. Uwe mteja, uwe jirani, uwe umekuja kusema nyumba inaungua, unashika fremu ya mlango, unanyamaza, unasubiri. Anayehesabu akimaliza anagonga meza mara moja kwa kifundo cha kidole, hapo ndipo unasema shida yako. Kusuka mota si kusuka nywele, kwamba ukikosea msuko mmoja unafunika na kitambaa. Unazungusha waya wa shaba kwenye kibao, moja, mbili, tatu, mpaka idadi yake itimie, na ukipotea katikati hakuna ujanja. Unafumua, unaanza upya, na dunia nzima inakusubiri.

Bi Koili alikuwa ameishi chini ya sheria hiyo miaka ishirini na mitano. Alikuja pale ana kumi na minne, sasa ana thelathini na tisa, ana binti wa kidato cha tano na vidole ambavyo havitoki weusi hata avisugue vipi. Jina alipewa na fundi cherehani wa mlango wa pili, mwanamke ambaye mdomo wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Yule alisema mtu mwembamba namna ile, anayekaa kajikunja juu ya meza kutwa nzima, huyo si mtu, hiyo ni koili. Jina likashika, likamganda, hata wateja wakawa hawajui lingine.

Sasa, Jumatatu ile Bi Koili alikuwa na fomu mfukoni mwa aproni.

Fomu yenyewe karatasi moja tu. Ina visanduku vinne. Uhandisi wa Umeme. Uhandisi wa Mitambo. Uhandisi wa Ujenzi. Fizikia. Weka alama kwenye kimoja, rudisha kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Alikuwa amemaliza mwaka wa kwanza chuoni, mwaka ambao wote mnasoma masomo yale yale, kundi zima, na yeye katikati ya watoto wa watu wa umri wa miaka kumi na tisa. Wale watoto walikuwa na adabu, hilo ndilo lilikuwa tatizo. Kila asubuhi shikamoo, shikamoo, shikamoo, mpaka anafika kwenye kiti chake koo limekauka kwa marahaba na mwalimu bado hajaingia. Lakini alifaulu. Alifaulu vizuri, na binti yake akawa anamwambia kwa wivu wa utani kwamba ni aibu mama kumshinda mwanawe hesabu.

Kwa watu wote, ile fomu haikuwa na swali. Msuka mota anachagua nini kama si umeme? Ni kama kumuuliza samaki anataka kuishi wapi. Mjomba hata hakuuliza. Yeye alishapiga msumari ukutani siku ile ile matokeo ya mtihani wa kuingia yalipotoka, juu ya meza ya kusukia, usawa wa macho. Msumari mtupu. Hakusema ni wa nini na hakuna aliyeuliza, maana kila mtu alijua: cheti kitaning'inia pale.

Na ule msumari haukuwa wa fahari tu. Watu wa leseni walikuwa wamepita mwaka juzi, wakakaa kwenye benchi, wakanywa chai, wakasema kazi ni nzuri lakini sheria imebadilika. Karakana yoyote inayogusa mota kubwa, za pampu, za vinu, za viwanda, lazima iwe na mhandisi wa umeme aliyesajiliwa, jina lake liwe ukutani. Mjomba alikuwa amesuka mota kubwa tangu kabla baadhi yao hawajazaliwa, ila karatasi hana hata moja. Wakampa miaka mitano. Baada ya hapo, bila mhandisi, mwisho wake feni na mashine za kusagia matunda. Mjomba aliwasindikiza mpaka barabarani, akarudi, akamtazama mpwa wake, akasema, "Si unapenda kusoma wewe." Ndivyo ilivyoanza. Yeye ndiye aliyemsukuma, yeye ndiye aliyemwachia asubuhi zote za kwenda darasani, akabaki anasuka peke yake na ule mkono wa kushoto ulioanza kutetemeka.

Kwa hiyo ungedhani Bi Koili angeweka alama siku hiyo hiyo akarudi kazini. Hakuweka. Ile fomu ilikaa mfukoni Jumatatu nzima, ikaanza kunuka vanishi.

Shida yake ilikuwa ya zamani. Ilikuwa na umri ule ule wa kazi yake.

Mama yake alipozikwa, Mjomba, ndugu yake mama wa tumbo moja, alimchukua. Wiki tatu baadaye mtoto alikuwa bado haongei. Mjomba hakuwa mtu wa maneno ya kuliwaza, yeye alijua mota tu, basi akamliwaza kwa mota. Alikuwa amefunga moja, rota iko ndani ya stata, yaani kile cha katikati kinachozunguka kiko ndani ya kile cha nje kilichobeba nyaya. Akachukua ukanda mwembamba wa karatasi, ile karatasi ngumu ya kutandika chini ya waya, akampa. Akamwambia aupitishe katikati ya viwili hivyo. Ukapita. Akamwambia auzungushe wote. Ukazunguka wote, haukukwama popote. Yule mtoto akasema neno lake la kwanza ndani ya wiki tatu. Aliuliza, "Havigusani?"

Mjomba akamjibu vikigusana mota imekufa. Kisha akawasha, na kile cha ndani kikazunguka, taratibu, halafu kasi, halafu huoni tena kama kinazunguka. Mtoto akauliza nini kinakizungusha. Umeme, akasema Mjomba. Mtoto akasema lakini umeme uko kwenye waya, na waya uko huku nje, huyu wa ndani hakuna kitu kinachomgusa. Sasa hapo katikati kunapita nini?

Mjomba alitazama ile nafasi muda mrefu. Mtu ambaye alikuwa amefunga mota elfu na kitu.

"Kunapita chai," akasema. "Kaichemshe."

Akaichemsha. Mjomba akacheka, yeye pia akacheka kidogo, na tangu siku hiyo akaanza kuongea na watu. Lakini swali lilibaki pale pale. Likakaa naye alipoolewa, likabaki naye ndoa ilipoisha kila mtu akashika njia yake, likawa naye anambembeleza mtoto huku anasikiliza feni ya dari. Labda ni kwa ajili ya zile wiki tatu. Mtu ambaye hamgusani tena, na bado anakuzungusha. Hakuwahi kumwambia mtu hivyo, angeonekana amechanganyikiwa. Ila kila mota aliyofunga, kabla ya kukaza skrubu za mwisho, alipitisha ukanda wa karatasi katikati, mara moja, polepole. Mjomba alidhani anapima nafasi. Ni kweli alikuwa anapima. Lakini na kingine pia.

Halafu kule chuoni, mwaka wa kwanza, mwalimu wa fizikia aliandika mstari mmoja ubaoni kuhusu sumaku na umeme, akasema wahandisi watachukua jibu la mwisho watumie, inatosha, lakini mahali linapotoka jibu watapafikia wale tu watakaochagua fizikia. Bi Koili akanyoosha mkono. Akauliza swali lake, lile lile, kwa maneno yale yale ya mtoto wa miaka kumi na minne. Mwalimu akaweka chaki chini. Alisema jibu la swali hilo linaanza mwaka wa tatu, na kusema kweli haliishi. Siku hiyo Bi Koili alirudi kwa miguu akapita karakana bila kuiona, mpaka fundi cherehani akamwita, akamuuliza kama siku hizi wasomi wanasahau hata kwao.

Jumanne, mwenye dobi, mwanamke wa duka la kufulia nguo, akaleta mota yake.

Ilikuja juu ya mkokoteni, imefungwa kamba kama mgonjwa. Hiyo mota pale karakanani ilikuwa na historia. Ilikuwa ya mashine kubwa ya kufulia, na kila baada ya mwaka na nusu hivi inaungua. Wanaisuka, inakwenda, inaungua, inarudi. Mwenye dobi alishazoea, alisema ile si mota, ile ni mume: anaondoka anarudi, na kila akirudi amechakaa zaidi na bado unampokea. Alikuwa na mashine ya pili, ndugu yake hiyo, nayo tabia zile zile, kwa hiyo alisema amejaliwa waume wawili na hakuna anayefua.

Bi Koili akaifungua. Harufu ya waya ulioungua ikajaa chumba. Akakata koili moja akahesabu ncha. Raundi arobaini na mbili. Akafungua kitabu.

Kitabu cha Mjomba kilikuwa ndiyo moyo wa pale. Kila mota iliyowahi kuingia iliandikwa: ya nani, waya unene gani, koili ngapi, raundi ngapi. Maana kazi ya msuka mota haikuwa kukisia. Unafungua iliyokufa, unahesabu ilivyokuwa, unairudisha vile vile. Mjomba alikuwa na msemo wake, ameusema mpaka umelainika: rudisha ulichokuta. Aliyeitengeneza kiwandani alijua alichokuwa anafanya, wewe ni nani.

Kitabu kilisema arobaini na mbili. Koili ilisema arobaini na mbili. Mwaka uliopita angesema sawa, akaandaa kibao. Lakini mwaka wa kwanza ulikuwa umemharibu kidogo. Alikaa pale na ile stata tupu mbele yake, chuma kitupu kimesafishwa, na akajiuliza: kwa nini arobaini na mbili? Si ngapi. Kwa nini.

Akachukua rula ya chuma, akapima urefu wa kile chuma, upana wa meno yake, akahesabu mifereji. Akatafuta karatasi ya kukokotolea. Hakuna. Akatoa fomu mfukoni, akaigeuza, akaanza kuandika nyuma yake.

Ilitoka arobaini na nane.

Akarudia. Arobaini na nane. Akarudia mara ya tatu kwa njia nyingine, kama mtu anayemuuliza mtoto swali lile lile akitafuta uongo, na mtoto hakubadilisha maneno. Raundi zikipungua, chuma kinabebeshwa kuliko nguvu zake, mota inanguruma, inachemka, mwishowe inaungua. Mwaka na nusu hivi.

Akapanda kwenye kiti akateremsha kitabu cha zamani kabisa, kile ambacho jalada lake lilishatoka. Akakuta siku ile mota ilipokuja mara ya kwanza, miaka kumi na sita nyuma. Mwandiko wa Mjomba, mkono haujaanza kutetemeka: *42, na donge*.

Donge. Akakaa chini. Akakumbuka. Ile mara ya kwanza mota ilikuwa imeungua vibaya mno, waya umeyeyuka ukashikana. Ukikata koili ya namna hiyo unahesabu ncha zilizobaki, na pale kulikuwa na ncha arobaini na moja zilizosimama peke yake, na donge moja la shaba, saizi ya punje ya mahindi. Donge lilihesabiwa moja. Lakini ndani ya donge zilikuwamo raundi saba.

Mjomba alikuwa upande wa pili wa chumba, anapaka grisi beringi. Bi Koili alisubiri amalize, akampelekea kitabu na ile karatasi. Mjomba akasoma. Aliposoma alisogeza midomo, kama siku zote.

"Nani alihesabu?" akauliza.

"Mimi."

"Nani aliandika?"

"Wewe, Mjomba."

"Basi tumegawana."

Akafunga kitabu. Lakini Bi Koili alimwona akikishika kwa mikono miwili. Miaka kumi na sita wamerudisha walichokuta, na walichokuta walikiweka wao wenyewe. Na ile mota ya pili, waliisuka kwa kuitazama ya kwanza.

Mjomba akasema zungusha arobaini na nane. Kama ni ya kuungua, iungue kwa jambo jipya.

Jumatano nzima alisuka. Raundi sita za ziada kwenye kila koili si mchezo, waya uliingia kwenye mifereji kwa kubembelezwa, kijiti cha kusukumia kikamwachia malengelenge mawili. Wakapaka vanishi, wakaioka ikauke, na Alhamisi mchana wakafunga. Mwenye dobi akaja, fundi cherehani akaja na sindano kaibana mdomoni, akasema amekuja kuona mume wa mtu akifufuliwa.

Wakawasha. Haikunguruma. Ile sauti nzito waliyoizoea, ambayo walidhani ndiyo sauti yake ya kuzaliwa, haikuwapo. Baada ya saa nzima Mjomba akaweka kiganja juu ya ganda la mota. Zamani, baada ya dakika kumi tu mota ile ilikuwa haishikiki kwa kiganja. Akakiacha pale. Akakiacha tu, kama mtu amemwekea mkono mtoto begani, na wote wakawa wanautazama ule mkono. Hata haukutetemeka, labda kwa kuwa mota ilikuwa inautetemesha yenyewe.

Mwenye dobi akasema kesho asubuhi analeta na yule mwingine. Akaondoka na mkokoteni wake anaimba.

Walipobaki wawili, Mjomba akanyoosha kidevu kuelekea kwenye msumari. Hakuwa mtu wa kutabasamu, ila uso wake ulikuwa umefunguka.

"Unaona sasa," akasema. "Nimefanya kazi hii miaka arobaini na sikuweza kuliona hilo. Wewe umeliona kwa mwaka mmoja na nyuma ya karatasi. Huo ndio umeme, mama. Kesho kaweke alama yako."

Na hapo ndipo ingekuwa rahisi. Angesema ndiyo, Mjomba. Alitaka kusema. Kwa sababu kweli alikuwa amefurahi, ile namba ilipotoka mara ya tatu alihisi kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Lakini baada ya furaha, kabla ya kukaza skrubu za mwisho, alikuwa amepitisha ule ukanda wa karatasi katikati kama kawaida yake. Ukapita. Na akajua ametambua raundi ngapi, na hajatambua hata kidogo kinachopita pale. Jibu la mwisho alikuwa nalo, ametumia, limefanya kazi. Hamu haikupungua hata unywele. Ilikuwa imezidi.

"Namba imetoka, Mjomba," akasema. "Lakini hapo katikati bado sijui."

"Katikati wapi?"

Bi Koili aliona uso wa Mjomba ukirudi nyuma miaka ishirini na mitano, ukafika, ukakuta kitu pale.

"Bado unauliza lile," akasema Mjomba.

"Sijawahi kuacha."

Mjomba akachukua kofia yake, akatoka. Alikuwa hajawahi kutoka kabla ya kufagia meza.

Ijumaa, Bi Koili alifika dirishani kwa karani wa chuo saa nne. Kulikuwa na foleni ya vijana, wakampisha kwa heshima, jambo ambalo siku hiyo hakulitaka kabisa. Alitamani foleni iwe ndefu. Akafika mbele, akaweka fomu kwenye ubao wa dirisha, akashika kalamu, na kalamu ikaenda yenyewe ikasimama juu ya kisanduku cha kwanza. Umeme. Akaona msumari. Akamwona Mjomba miaka mitatu kutoka sasa, amezungukwa na feni za watu, mota kubwa zinapita barabarani zikienda kwa wengine. Yule mzee alimpa chakula, alimpa kazi, alimrudishia maneno yake mdomoni. Ni alama moja tu, mkato wa kalamu. Na umeme ni kitu kizuri, nani kasema si kizuri. Angekuwa mhandisi mzuri sana. Na ule ukanda wa karatasi angeendelea kuupitisha, mota baada ya mota, mpaka uzeeni, akirudisha alichokuta.

Karani, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliigeuza fomu akaona nyuma. Akauliza hizi hesabu nazo ni sehemu ya maombi. Bi Koili akasema hapana, hizo ni za dobi. Karani akamtazama juu ya miwani, akaona hapo kuna hadithi ndefu na foleni ipo, akaigeuza tena.

Bi Koili akaweka alama.

Karani akasoma, akasoma tena. Akamwambia kwa upole, kama dada, kwamba watu wa umri wao wengi wanachagua penye kazi ya moja kwa moja. Hii fizikia ataifanyia nini?

"Kuna kitu nilikiuliza zamani," akasema Bi Koili.

Muhuri ukapigwa.

Alirudi taratibu. Njiani alipanga maneno. Kwamba ataendelea kusuka kila jioni, kwamba miaka mitatu si leo, kwamba pengine wanaweza kumpata mhandisi mwingine wa kuweka jina lake. Yote yalikuwa kweli na yote yalikuwa mepesi. Alipofika mlangoni, mdomo tayari umefunguka, akasikia sauti ya Mjomba.

"Thelathini na tisa. Arobaini. Arobaini na moja."

Alikuwa mezani, mgongo mlangoni, anasuka koili ya mota ya pili ya dobi. Bi Koili akashika fremu ya mlango, akanyamaza.

Mkono wa kulia ulizungusha, wa kushoto ulielekeza waya huku unatetemeka. Arobaini na tano. Arobaini na sita. Arobaini na saba. Arobaini na nane.

Bi Koili akavuta pumzi asubiri kidole kigonge meza.

"Arobaini na tisa," akasema Mjomba.

Kwanza alidhani amepotea. Lakini mtu aliyepotea anasitasita, na ile sauti haikusita. Hamsini. Hamsini na moja. Kivuli cha Bi Koili kilikuwa kimelala mezani kutoka mlangoni, hapo hapo karibu na kibao, na Mjomba hakukitazama. Wala waya hakuutazama. Alikuwa anatazama ukutani, usawa wa macho. Hamsini na sita. Hamsini na saba.

Akaelewa. Mtu anayehesabu haongeleshwi.

Fundi cherehani akatokea nyuma yake na suruali ya mtu begani, amekuja kuuliza fomu imeendaje. Akasikia sitini. Alikuwa ameishi ukuta kwa ukuta na kazi ile, alijua idadi kama alivyojua ya vifungo vyake. Akamtazama Bi Koili. Akashika fremu ya upande wa pili.

Sitini na nne. Koili ilikuwa imenenepa kwenye kibao, waya umeanza kuteleza pembeni. Sitini na tisa. Sauti ikaanza kukwaruza. Sabini. Sabini na moja.

Mikono ikasimama. Mjomba akakaa hivyo hivyo, mgongo wake kwao, muda ambao ungetosha kuchemsha chai. Halafu kidole kikapanda kikashuka, kikagonga meza, kidogo sana.

"Sema," akasema.

"Fizikia, Mjomba."

Hakugeuka. Akaitazama ile koili mikononi mwake kana kwamba ameletewa na mteja. Akaipimapima uzito.

"Zimezidi ngapi?"

"Ishirini na tatu."

"Mm." Akavuta kiti cha pili kwa mguu, kile cha Bi Koili, akakisogeza karibu na chake. "Njoo shika kibao, tufumue. Shaba hii nzuri."

Bi Koili akaingia, akakaa, akashika kibao kwa mikono miwili ili yule mzee avute. Magoti yao yalikaribiana, yakaacha nafasi ndogo. Mjomba akaitafuta ncha ya waya, vidole vikaikosa, vikaikosa tena, vikaipata.

"Huo mwaka wa tatu," akasema, "ukishajua kinachopita pale, utaniambia mimi kwanza. Usije ukaanza kuwaambia watu na mimi bado najibu chai."

"Mwalimu anasema haliishi."

"Utaniambia ulipofikia."

Akavuta raundi ya kwanza. Moja, akasema, na Bi Koili akasema mbili. Fundi cherehani alikuwa na maswali kama ishirini hivi tayari kwenye ulimi, lakini kufumua nako kunahesabiwa, kwa hiyo akabaki pale pale mlangoni, suruali ya watu begani na mkono kwenye fremu, anasubiri.